Umefuta kache na tatizo liko palepale? Anza na dalili

Mteja akiniambia, "Fundi, kache nimeshafuta na bado inasumbua," huwa namuuliza swali moja: kache ipi? Kompyuta moja ina kache nyingi. Kivinjari kina yake, Windows ina zake kadhaa, Telegram ina yake, programu ya kuhariri video huwa na kubwa kuliko zote, na hata anwani za tovuti zina pa kuhifadhiwa. Anayefuta kache ya Chrome ili diski C ipate nafasi, kumbe iliyojaa ni ya Premiere, programu ya kuhariri video, anafagia uani huku bomba linavuja jikoni.

Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta ya kwako, uanzie hapo. Nazungumzia zaidi Windows 10 na 11 kwa sababu ndizo zinazoletwa mezani kwangu. Mac nitaitaja inapotofautiana. Maandishi ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana wengi wetu tunatumia Windows ya Kiingereza.

Kache yenyewe mfananishe na mama lishe mwenye chupa ya chai. Hawashi jiko upya kila anapokuja mteja. Anachemsha mara moja, anajaza chupa, kazi inayobaki ni kumimina. Kompyuta nayo huweka karibu picha, herufi na vipande vya ukurasa vilivyokwisha pakuliwa, ili visifuatwe tena mbali. Inaokoa muda na inaokoa bando. Matata huja chai ikilala, au chupa zikizidi hadi mezani hakuna pa kuweka sahani. Neno kache asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kuficha, na kweli Windows imezificha: folda ya AppData, zinamokaa nyingi, huioni mpaka uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Kwenye simu za Android zilizowekwa Kiswahili utaikuta kwa jina la akiba, na nadhani hilo ndilo jina zuri kuliko yote.

Kabla hujafuta chochote

Ukibonyeza Ctrl+Shift+Delete ndani ya Chrome, Edge au Firefox, linafunguka dirisha lenye visanduku vya kutia tiki. Wengi hutia vyote, kisha hulalamika kwamba kompyuta "imewatoa" kila mahali. Visanduku vile si kitu kimoja. Historia ni orodha ya ulikopita. Vidakuzi ni vitambulisho vidogo ambavyo tovuti hukupa ili ikukumbuke. Ukivifuta, barua pepe na akaunti zako zote zitakutaka uingie upya. Nywila zilizohifadhiwa, kwenye baadhi ya matoleo, nazo zimo humohumo. Kache ni kile kisanduku cha picha na mafaili, kinachosomeka "Cached images and files". Kukifuta hicho peke yake hakukutoi popote wala hakupotezi nywila.

Kwa hiyo kabla ya yote, hakikisha unazijua nywila zako, au angalau namba ya simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha bado iko mikononi mwako. Nimeona mtu amefutiwa vidakuzi na laini iliyosajiliwa kwenye akaunti yake alishaipoteza miaka miwili nyuma.

Dalili: ukurasa mmoja unaonyesha mambo ya jana, au umevurugika

Matokeo yametangazwa, wenzako wanayaona, wewe unaona ukurasa wa mwaka uliopita. Au fomu ya maombi inafunguka bila rangi, maandishi yamejipanga upande mmoja, vitufe havibonyezeki. Hii ndiyo chai iliyolala yenyewe. Kivinjari kimekupa nakala yake ya zamani, au kimechanganya vipande vya toleo la zamani la tovuti na vya toleo jipya.

Usikimbilie kufuta kila kitu. Bonyeza Ctrl+F5 kwanza, au Ctrl+Shift+R; kwenye Mac, kwa Chrome na Firefox, ni Command+Shift+R. Hapo unakiambia kivinjari kiache nakala yake na kikachukue upya kwenye seva, kwa ukurasa huo tu. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Isipokubali, fungua dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Dirisha hilo halitumii kache wala vidakuzi vyako vya kawaida, na viendelezi vingi huwa havifanyi kazi humo. Ukurasa ukikaa sawa humo ndani, kosa liko upande wako: kache, vidakuzi, au kiendelezi kama kile cha kuzuia matangazo. Ukivurugika vilevile hata kwenye simu yenye laini nyingine, basi tovuti yenyewe ndiyo mbovu au imezidiwa na watu, na ukifuta kache mpaka jioni hutapata kitu. Jaribio hili la dakika moja lingewaokoa watu wengi ninaowaona wamekaa steshenari tangu asubuhi wakibofya na kufuta.

Kama ni upande wako, kwenye Chrome au Edge bonyeza F12 paneli ya wabunifu itokee, kisha bofya kitufe cha kupakia upya ukurasa na ukishikilie. Itatokea menyu ndogo. Chagua mstari wa mwisho, "Empty cache and hard reload". Funga paneli kwa F12. Hiyo ikishindwa ndipo unarudi kwenye Ctrl+Shift+Delete, unachagua muda wote, unaacha tiki kwenye kache peke yake, unafuta. Wa Safari waonyeshe kwanza menyu ya Develop kupitia mipangilio, kisha Option+Command+E.

Dalili: unaweka nywila sahihi, inakurudisha mlangoni

Hapa watu hufuta kache mara tano bila mafanikio, kwa sababu kache haihusiki. Kinachohusika ni kidakuzi kilichoharibika au kilichopitwa na wakati: tovuti inakupokea, inatazama kitambulisho cha zamani, inakikataa, inakurudisha kuanza. Huna haja ya kufuta vidakuzi vya dunia nzima. Bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, ile ya kufuli au ya vijimistari, ingia kwenye vidakuzi na data za tovuti, ufute vya tovuti hiyo moja.

Ukiwa hapo, tupia jicho saa iliyo pembeni chini. Kompyuta ya mezani yenye umri mkubwa, ikichomolewa kwenye umeme usiku mzima, asubuhi huamka ikidhani ni miaka ya nyuma. Tovuti zote salama zinategemea tarehe kuhakiki vyeti vyao, kwa hiyo kivinjari kitakuambia kwamba muunganisho si wa faragha, na hakuna kache itakayokusaidia. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma tena kesho yake, betri ya ubao mama imekufa. Ni ile bapa ya duara, CR2032, inapatikana hata kwa wauza saa.

Dalili: tovuti haifunguki kwenye kompyuta, kwenye simu inafunguka

Kwanza jaribio liwe la haki. Simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja. Simu ikitumia bando lake na kompyuta inatumia modemu, hujalinganisha kitu.

Zikiwa kwenye mtandao mmoja na tofauti ipo, shuku kache ya DNS. Kompyuta huhifadhi jina la tovuti pamoja na namba ya seva yake, mithili ya kitabu cha simu. Tovuti ikihamia seva nyingine na kitabu chako bado kina namba ya zamani, unapiga simu nyumba iliyohamwa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha:

ipconfig /flushdns

Kwenye Mac, fungua Terminal uandike:

sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder

Itakuomba nywila ya kompyuta, na unapoiandika hakuna kinachoonekana kwenye skrini. Iandike tu, haijaganda. Wa Linux zenye systemd-resolved, amri ni resolvectl flush-caches. Chrome ina kitabu chake pembeni, unakifuta kwa kuandika chrome://net-internals/#dns mahali pa anwani, kisha kubofya "Clear host cache". Baada ya hapo zima ruta na uiwashe, maana nayo hukumbuka.

Dalili: diski C nyekundu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu huumia.

Anza kwa kuiwasha upya kompyuta. Si mazoea ya fundi tu. Programu nyingi huacha mafaili ya muda yakiwa bado yameshikiliwa, na baadhi ya usakinishaji hungoja kuwashwa upya ili umalizie kazi yake. Kisha bonyeza Windows+I, ingia System, Storage, halafu "Temporary files". Subiri ihesabu. Itakupa orodha yenye tiki na ukubwa wa kila kitu.

Mafaili ya muda, vijipicha, masalia ya masasisho na mafaili ya Delivery Optimization futa bila wasiwasi. Pipa la taka lichungulie kwanza. Ukiona mstari wa toleo la awali la Windows, ni folda ya Windows.old inayobaki baada ya kupandisha toleo, inaweza kula gigabaiti nyingi. Windows huiondoa yenyewe baada ya siku 10, na ikishaondoka huwezi kurudi toleo la nyuma kwa njia ya kawaida. Kama toleo jipya linakukubali, futa.

Halafu kuna mstari wa Downloads. Huo si kache. Nasema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuutia tiki mwenyewe, miaka ya mwanzo mwanzo ya ufundi, nikiwa na haraka na foleni ya wateja watatu. Mteja alikuwa mwalimu. Vyeti vyake alivyoskani, barua ya uhamisho, picha za pasipoti za mwanawe, vyote vilikuwa Downloads kwa sababu ndiko kila kitu kilikoangukia na hakuwahi kuvihamisha. Mafaili yanayofutwa kwa njia hii hayapiti kwenye pipa la taka. "Fundi, ile folda yangu iko wapi?" aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Nilikaa usiku kucha na programu ya kurejesha mafaili, nikapata karibu nusu. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua ukurasa ule, nakata Downloads nzima naibandika kwenye diski ya nje.

Baada ya hapo nenda kwenye folda ya muda yenyewe. Bonyeza Windows+R, andika %temp%, Enter. Bonyeza Ctrl+A, kisha Delete. Mengine yatakataa kwa kuwa yanatumika. Tia tiki ya kurudia jibu hilo kwa yote, uchague "Skip". Lakini angalizo: ukifungua waraka moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe au kutoka ndani ya faili la zip, ukauhariri na kubonyeza kuhifadhi, mara nyingi nakala yako iko humu kwenye folda za muda na si mahali pengine. Tafuta kwanza, ndipo ufute.

Bado nyekundu? Acha kubahatisha. Pakua WizTree au WinDirStat, programu za bure zinazokuonyesha kila folda kwa ukubwa wake. Karibu kila mara mwenye hatia hujitokeza ndani ya dakika chache, na mara nyingi si Windows.

Telegram ni mshukiwa wangu wa kwanza. Ukiwa kwenye makundi ya muvi na ya vitabu, inakusanya kimyakimya. Ingia mipangilio yake, sehemu ya "Advanced", kisha "Manage local storage", ufute. Hapohapo unaweza kuiwekea kikomo cha ukubwa. Ujumbe haupotei, uko kwenye seva zao, ila picha na video ukizitaka tena utazipakua upya kwa bando lako. Angalia pia folda ya Telegram Desktop ndani ya Downloads. Hiyo kitufe kile hakiigusi.

Mshukiwa wa pili ni wahariri wa video, hasa wale wa harusi na kicheni pati. Premiere hutengeneza mafaili ya kache kwa kila klipu unayoingiza, na bila kuambiwa vingine huyaweka kwenye diski C, ndani ya AppData\Roaming\Adobe\Common. Harusi ishalipwa, bibi harusi ashapata mtoto wa pili, kache ya shughuli yake bado iko palepale. Fungua Preferences, sehemu ya "Media Cache", ufute ya zamani, na ukiwa hapo ihamishie kwenye diski D na uiambie ijifute kila baada ya siku kadhaa. DaVinci Resolve nayo ina kipengele cha kufuta kache ya kurenda kwenye menyu ya Playback. Video zako halisi haziguswi. Mradi ukiufungua tena utachelewa kidogo mara ya kwanza, basi.

Kuna mafaili mawili makubwa utakayoyaona kwenye WizTree na kutamani kuyafuta: pagefile.sys na hiberfil.sys. La kwanza liache kabisa, ni msaada wa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. La pili ndimo kompyuta inamomwaga kila kilicho kwenye RAM inapolala usingizi mzito. Unaweza kuliondoa kwa kufungua cmd kama msimamizi (ibofye kulia, uchague "Run as administrator") na kuandika powercfg /h off, ila utapoteza usingizi huo na uwakaji wa haraka. Kwenye kompyuta ya mezani fanya. Kwenye laptopu, kwa umeme wetu huu, mimi ningeuacha usingizi wake.

Na kama laptopu yako ni ile ndogo yenye hifadhi ya GB 32 au 64 iliyogandishwa kwenye ubao, nikuambie ukweli mapema: Windows 11 peke yake inataka isiyopungua GB 64. Utafuta, itajaa, utafuta. Hamishia mafaili yako kwenye kadi ya kumbukumbu.

Dalili: umesafisha Jumatatu, Alhamisi imejaa tena

Kache ya kivinjari kurudi ni kawaida, ndiyo kazi yake. Gigabaiti 10 kurudi ndani ya siku tatu si kawaida. Kinachotokea mara kwa mara ni sasisho la Windows linalopakuliwa, linashindwa kusakinika, linapakuliwa tena. Na bando linaondoka nalo. Fungua cmd kama msimamizi:

net stop wuauserv
net stop bits

Kisha nenda C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, ufute vilivyomo ndani, folda yenyewe uiache. Rudi kwenye cmd uandike amri zilezile kwa net start badala ya net stop. Fahamu kwamba sasisho litaanza kupakuliwa upya kutoka mwanzo, kwa hiyo fanya hivi ukiwa kwenye mtandao usiokulipisha kwa megabaiti. Ukirudi kwenye modemu yako, ingia mipangilio ya Wi-Fi hiyo uwashe "Metered connection", Windows itapunguza ulafi. Zima pia Delivery Optimization kwenye sehemu ya masasisho. Kipengele hicho kinaweza kugawia kompyuta nyingine masasisho uliyopakua wewe.

Ukipita kwenye C:\Windows\Logs\CBS ukakuta mafaili ya kumbukumbu yenye gigabaiti kadhaa, ni dalili nyingine kwamba kuna sasisho linalojikwaa. Folda mbili usizifute kwa mkono hata ukiambiwa na nani: WinSxS na Installer, zote ndani ya C:\Windows. Ukifuta Installer, siku unataka kusasisha au kuondoa programu itakataa. WinSxS inapunguzwa kwa amri yake:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Inachukua muda, wakati mwingine inakaa kwenye asilimia moja kama imezimia. Nenda kanywe chai.

Dalili: baada ya kufuta, kompyuta imekuwa nzito zaidi

Siku ya kwanza ni halali yake. Chupa umezimwaga, jiko linawashwa upya. Ikiendelea wiki nzima, basi kache haikuwa tatizo tangu mwanzo. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, utazame safu ya diski. Ikikaa asilimia 100 muda wote na laptopu yako ni ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, dawa ni kuweka SSD, diski isiyozunguka. Hakuna ufutaji unaofikia hapo.

Folda ya Prefetch, ambayo kila video ya "ongeza kasi ya kompyuta" inakuamuru uifute, iache. Windows huitumia kukumbuka namna ya kufungua programu upesi na huipunguza yenyewe. Vilevile ukiona kwenye Task Manager RAM yenye maandishi "Cached", usishtuke. Hiyo ni RAM iliyoazimwa kwa muda, programu ikiihitaji inarudishwa hapohapo. Programu za "kusafisha RAM" zinakuuzia hofu.

Na hizi programu za kusafisha kwa ujumla siziweki kwenye kompyuta za wateja. Mwaka 2017 CCleaner, iliyokuwa maarufu kuliko zote, toleo lake la 5.33 lilipenyezewa virusi na wahalifu na likasambazwa kutoka kwenye seva halali za kampuni yenyewe. Zaidi ya watu milioni 2 walilipakua. Toleo hilo lilirekebishwa zamani, lakini tangu hapo najiuliza kwa nini nimpe mgeni ufunguo wa nyumba wakati ufagio ninao. Windows ina Storage Sense tangu 2017. Iwashe, ipange mara moja kwa mwezi, na sehemu ya Downloads uiwekee "Never".

Ndogondogo

Vijipicha vya picha vimegeuka vyeusi au vinaonyesha picha isiyo yake: futa "Thumbnails" kwenye ile orodha ya mafaili ya muda, uiwashe upya. Microsoft Store haifunguki: Windows+R, andika wsreset, usubiri dirisha jeusi lijifunge lenyewe.

Printa inarudia kuchapa waraka wa jana, au imegoma na orodha ya kazi haifutiki? Hii si kache kwa jina, ila tiba ni ileile na watu wa steshenari watanishukuru. Cmd kama msimamizi, net stop spooler, futa vilivyomo C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha net start spooler. Usizime na kuwasha printa kwa hasira mara kumi. Kazi iliyokwama iko kwenye kompyuta.

Kwenye kompyuta ya watu wengi, mambo yanageuka. Hapo unafuta ili asiyekuhusu asikuone, na kinachotakiwa kuondoka ni vidakuzi na historia. Kache inafuata nyuma. Bora zaidi tumia dirisha la faragha tangu unapokaa, na ukimaliza ulifunge. Kisha nenda Downloads uondoe nakala ya kitambulisho chako, maana dirisha la faragha halifuti ulichopakua. Nimewahi kukuta vitambulisho vya watu zaidi ya ishirini kwenye kompyuta moja ya kukodi.

Dalili: unafuta, unawasha upya, vyote vimerudi

Hii huwatia watu wazimu. Umefuta kwa macho yako, nafasi imeongezeka, umewasha upya, mafaili yako palepale kama hujawahi kupita.

Uwezekano wa kwanza ni diski inayokufa. SSD na flashi zikichoka kuna wakati hukubali kuandikiwa kwa maneno tu, kumbe ndani hakuna kilichobadilika. Ukishuku hivyo acha kufuta, nakili mafaili yako muhimu nje kabla ya jambo lingine lolote, ndipo ujaribu chkdsk C: /f.

Uwezekano wa pili nilijifunza kwenye maabara ya kompyuta ya shule moja. Niliitwa kusafisha mashine kumi na mbili zilizojaa. Nilifanya kazi saa nne, nikatoka jasho, nikaondoka nikijisifu. Asubuhi mwalimu wa zamu akanipigia: "Kaka, mbona ziko vilevile?" Nikarudi, nikafuta tena, nikaiwasha moja upya mbele yake. Vikarudi. Ndipo mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa anapanga viti akanionyesha kidole pembeni ya saa, palipokuwa na kialama kidogo cha dubu mweupe.

Deep Freeze. Programu ya kugandisha kompyuta, hupendwa na shule na vibanda vya intaneti kwa sababu kila inapowashwa hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa siku ilipogandishwa, pamoja na takataka za siku hiyo. Unashikilia Shift, unabofya dubu mara mbili, unaweka nywila, unaiamuru iwake ikiwa imeyeyushwa, unasafisha, kisha unagandisha tena. Nywila alikuwa nayo fundi aliyenitangulia, na fundi huyo alishahamia mkoa mwingine. Tulimpata kwa simu siku ya tatu.